Wegesa na Parachichi la Marehemu

Wegesa anauza miche ya matunda pale Kabasa, Bunda. Mteja akiuliza bei, yeye anaulizaga kwanza: "Kwako maji yanasimama?"

Nilimjibu yanasimama. Natoka Suguti, karibu na ziwa. Mvua ikikatika, shamba langu linabaki bichi wiki mbili. Mke wangu Scholastika alipanda parachichi moja humo. Alifariki mwaka jana. Mwaka huu mti nao ukaanza kukauka kutoka juu. Tunda kama lile sijalionja kwingine. Sikutaka lipotee.

"Mizizi inaoza," alisema Wegesa. "Huo hauponi. Niletee vijiti vyake, nivibebeshe juu ya mche mwingine."

"Si nipande kokwa?"

"Kokwa halifuati mama yake, mzee. Utapata tunda usilolijua."

Nikakata vijiti sita. Nikaviweka kivulini siku nne vinyauke kidogo, kama tunavyofanyaga vijiti vya muhogo. Nikampelekea.

Alivunja kimoja. Kikalia ka!

"Baba, umeniletea kuni! Tuchemshe chai?"

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia limebaki tawi moja tu lenye majani.

Kesho yake alikuja Suguti mwenyewe.

Hakuanza na tawi. Alizunguka kwa majirani akiuliza parachichi gani limezeekea kwenye maji bila kunyauka. Akalipata kwa Wambura, bondeni. Tunda lake nyuzi tupu.

"Hilo unalitakia nini?" Wambura alishangaa. "Hata watoto hawaliokoti."

"Wewe unatazama mdomo. Mimi natafuta miguu."

Chini ya mti huo kulikuwa na miche mitatu imejiotea. Akaikata vichwa, akaipasua, akapachika vijiti vya tawi letu, akafunga nailoni. Niliinama nione vizuri. Nikauliza kijiti kitajuaje kuzaa tunda la Scholastika.

"Chini kunakunywa tu. Juu ndiko kunakozaa."

"Ulisomea wapi?"

"Kwa kuua miche, baba. Nimeua mingi."

Akaniagiza mapema niinue shambani kwangu tuta la kuhamishia miche hiyo, lifike magotini, maji yasilale kwenye mizizi. Nililiinua.

Miche miwili ilikufa. Siku ya ishirini na sita ule wa tatu ukatoa jani jekundu. Nikampigia simu. Akauliza limetoka juu ya nailoni au chini. La chini ni la Wambura, alisema.

Sikuwa nimeangalia. Nikarudi bondeni, nikapiga magoti.

Lilikuwa juu.