Programu Iliyofundishwa Kuaga

Ukimuuliza Genoveva habari, atakujibu nzuri. Hata akiwa na homa ya kugonganisha meno atakujibu nzuri, ndipo aongeze "ila". Hivyo ndivyo alivyolelewa Kibosho na mama yake, Mwalimu Demetria, na tuseme kweli, hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Baba yake alipofariki, mama alimpigia simu chuoni akamwambia, "Hatujambo mwanangu, nzuri tu. Ila baba yako ametutoka." Genoveva alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuona ajabu yoyote katika mpangilio wa maneno yale. Nzuri hutangulia, msiba hufuata.

Siku hizi anaandika programu za kompyuta katika chumba cha ghorofani pale Mwenge, huku chini yake wachonga vinyago wakigonga patasi kutwa nzima. Zake si zile programu zenye picha na vitufe vya kubonyeza. Ni zile za amri, za maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ambazo mtu wa kawaida akiziona hudhani kompyuta imeharibika. Programu ya namna hiyo ikimaliza kazi huondoka kimya, ikaacha namba moja nyuma yake. Sifuri maana yake mambo yamekwenda salama. Namba nyingine yoyote maana yake kuna jambo: moja kwa kosa la kawaida, mia moja ishirini na saba kwa amri isiyojulikana, na kadhalika. Watu humcheka wakisikia kwamba sifuri ndiyo alama ya kufaulu. Yeye huwajibu kwamba njia ya kufanikiwa ni moja tu na haihitaji maelezo, ila njia za kuharibikiwa ni nyingi, lazima kila moja iwe na namba yake.

Namba hiyo husomwa na programu nyingine, anayoiita mlinzi. Mlinzi hajui maneno, anajua namba tu. Akikuta sifuri anatulia. Akikuta nyingine anaipigia kelele simu ya Genoveva mpaka aamke.

Mmoja wa wateja wake ni Bi Mahfudha, mwenye zahanati Temeke, binti wa marehemu mzee Awadh aliyekuwa na duka la vitambaa palepale. Genoveva alimtengenezea programu ya kunakili mafaili ya wagonjwa kila usiku na kuyapeleka kwenye mashine yake ya Mwenge: nani ana kisukari, nani presha, mwili wa nani unakataa dawa gani. Bi Mahfudha aliipenda kazi, ila aliudhika na tabia.

"Geno, hii programu yako inamalizaga inaondoka hivihivi, kama mgeni asiyejua kuaga," alilalamika siku moja, kabla ya Ramadhani. "Mie nitajuaje kama imemaliza au imezimia? Kimya kingi kina mshindo."

Genoveva alicheka, akaona mama wa watu ana haki. Akaongeza mstari mmoja mwishoni, ili kila asubuhi kioo kiwe kimeandika: Asante, Dada Mahfudha. Kazi imekwisha. Bi Mahfudha alifurahi kama aliyeletewa zawadi, na wote wawili wakasahau.

Mwezi Mtukufu ukaisha, Idi ndogo ikaja, na Idi kubwa nayo ikapita. Ndipo asubuhi moja Bi Mahfudha akapiga simu kusema kompyuta mpya imefika. Ile ya zamani anaitoa sadaka madrasa, na fundi Albano yuko njiani kuja kuifuta, kwani siri za wagonjwa haziwezi kwenda kuchezewa na watoto. Je, nakala zipo?

"Zipo dada, hakuna shida," Genoveva alijibu upesi. "Futeni tu."

Alikata simu, akafungua mashine ya Mwenge ili aiandae nakala. Ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Ramadhani.

Aliangalia mara ya pili. Kisha akaifungua programu yake, akaona alichokifanya. Nywila ya mashine ya Mwenge ilibadilishwa siku chache baada ya ule mstari wa asante. Tangu hapo, kila usiku programu ilibisha hodi ikakataliwa, ikashindwa, kisha ikaendelea mpaka mstari wa mwisho ikaaga kwa adabu. Na namba inayoachwa nyuma ni ya jambo la mwisho kufanyika. Kuaga hakushindikani. Kila usiku asante ilifaulu, ikaacha sifuri, na mlinzi akatulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na programu hii ilikuwa imefundishwa kuyaficha na Genoveva mwenyewe.

Akashika simu. Kila mgonjwa aliyefika Temeke tangu Ramadhani alikuwa ndani ya ile kompyuta ya zamani, hakuna mahali pengine.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu! Umeshaandaa mara hii? Habari za Mwenge?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Kwa Bi Mahfudha nzuri moja huzaa nyingine: za nyumbani, za watoto, za kazi, mama hajambo, na huku fundi akifuta. Genoveva aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kosa lolote.

"Mbaya, dada."



"Nani kafariki?"

"Hajafa mtu. Mwambie fundi asiiguse hiyo kompyuta. Nakala hazipo."

"Albano!" Sauti ya Bi Mahfudha ilipasua sikio. "We Albano! Toa mkono hapo! Toa, nakwambia!" Kiti kilianguka. Kisha akarudi, akihema. "Ameacha. Alikuwa ndo anataka kuanza. Geno, sasa ile asante ya kila asubuhi?"

"Ilikuwa adabu tu, dada. Haikujua chochote."

"Na mie ndiye niliyeitaka."

"Mie ndiye niliyeiandika."

"Haya, njoo Temeke. Tutalaumiana ukishafika."

Alikwenda kwa bodaboda, jambo analolichukia. Alipoingia hakusalimu mtu. Bi Mahfudha naye alimwonyesha kiti kwa kidole tu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakatazamana, wakijua kabisa kwamba hawa wawili wamegombana. Genoveva aliyahamishia mafaili kwenye kompyuta mpya, kisha akairekebisha programu: kunakili kukishindwa, iishie hapohapo na iondoke na namba ya kushindwa. Asante aliiacha, kwa siku za kweli.

"Jaribu kufungua," alisema.

Bi Mahfudha alifungua faili la mgonjwa aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Salsabil, mtoto wa miaka minne, alifika mara ya kwanza wiki ya Idi kubwa. Chini, kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI, ALIVIMBA KOO.

 Bi Mahfudha aliketi, akausoma ule mstari tena, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwita mama yake Salsabil aingie na mtoto.