Gitaa la Kuzikwa Ndera

Zachary Hiribae, seremala wa Garsen, hutengeneza vitanda, milango na majeneza. Magitaa ya makanisani humfikia yakiwa yamevunjika shingo, naye huyapokea kwa kuwa hakuna mwingine wa kuyapokea. Mwaka jana Margaret Godhana alimletea moja kutoka Ndera, limefungwa kwa leso.

Lilikuwa la zamani, la nyuzi kumi na mbili zilizopangwa mbilimbili. Mgongo ulikuwa umepasuka, na tope la mafuriko lilikuwa limekauka ndani. Mwenye gitaa, mumewe Job, alichukuliwa na mto mwaka 2023 akivuka kwenda shambani. Mwili haukupatikana. Ukoo uliamua gitaa lizikwe badala ya mwili, Jumamosi iliyofuata, ili mjane aache kungoja.

"Lirudishe kama lilivyokuwa," Margaret alimwambia. "Simziki na matope."

Shemeji yake, Buya, aliyemsindikiza, alicheka. "Fundi, paka gundi tu. Huko chini hakuna kwaya."

"Na siku yako tukufunge kwa gunia?" Margaret alimjibu.

Zachary alisugua tope, akaunga mgongo, akafunga nyuzi mpya na kuzipatanisha sauti. Asubuhi zilikuwa zimeshuka. Hilo ni la kawaida: nyuzi mpya hunyumbuka, mbao hunywa unyevu. Lakini nyuzi zikilegea hulegea ovyo, kila moja kivyake. Hizi zilishuka zote kwa noti nzima, na bado zilipatana. Alizikaza. Kesho yake, vilevile. Alilifungia gitaa sandukuni, ufunguo akaenda nao nyumbani. Vilevile.

Ijumaa Margaret na Buya walikuja kulichukua. Zachary alizikaza nyuzi mbele yao, akampa mjane. Wakaongea habari za mahindi, gitaa likiwa mapajani mwake. Ulisikika mlio mdogo, kama kamba ya mtumbwi inayovutwa. Vifunguo vya kukazia nyuzi havikuzunguka. Zachary anasema alikuwa akivitazama.

Margaret alipitisha kidole kwenye nyuzi.

"Fundi, nani alikwambia Job alikuwa anaziweka chini hivi?"

"Hakuna, mama. Mimi nilizipandisha. Umeniona."

"Sauti yake ilikuwa nzito. Juu alikuwa hafiki."

"Shemeji, gari linangoja," alisema Buya. "Kaburi limeshachimbwa."

"Mtu anazikwa akiwa bado anaongea?"

Safari hii Buya hakucheka.

Kaburi lilifukiwa likiwa tupu. Zachary bado hutengeneza magitaa, ila hakubali tena hata moja lilale kwenye karakana yake. Mteja husubiri hapohapo na kuondoka nalo. Ukimuuliza kuhusu lile la Ndera, hujibu kwamba mama yule alikuja kwake ili aweze kuzika, akaondoka akiwa hawezi.

Margaret hapokei tena ushauri wa ukoo. Ukimtembelea atakukaribisha chai, lakini atakuomba usikalie kiti kilicho kando ya gitaa. Kitambaa cha kiti hicho huwa kimelowa.