Ndefu Kuliko Yako
Tangu vita vianze, kila Jumapili mama wa rubani huenda kwa Hannelore, mchumba wa mwanawe, kumenya viazi na kumsikiliza akisoma barua aliyoandikiwa na rubani. Maganda yake ni membamba kama karatasi. Barua ikinoga, kisu husimama. "Ya kwangu ndefu kuliko yako," hujigamba, akipapasa mfuko wa aproni. Hannelore humwonea wivu. Leo uvumilivu ukamshinda. "Basi, Mama, nisomee na mimi hiyo yako!"

Mama akakunjua karatasi, akasoma macho yakiwa dirishani: mawingu yametanda chini ya ndege kama maziwa yaliyofurika sufuriani, vidole vimekufa ganzi, natamani kurudi. Yalikuwa maneno ya Jumapili iliyopita, ya barua ya Hannelore, ila penye "mpenzi" sasa palisomwa "mama."

Hannelore akainamia viazi. "Kweli, Mama. Yako ndefu."