Injini Iliyongoja Kuambiwa Kazi Imekwisha

Usiniamini kwa sababu nasimulia vizuri, maana sijui kusimulia. Niamini kwa sababu mama yangu bado anaishi kwenye shamba lile karibu na Njoro, na ukimwuliza atakuonyesha kibanda chenyewe.

Shamba tulilipata miaka michache baada ya Uhuru, mzungu alipouza akaenda kwao. Kwenye mpaka wetu palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake injini kuukuu ya kuvuta maji. Haikuwa na mafuta hata tone. Panya walikuwa wamezalia ndani. Lakini kila jioni jua likizama ilianza kunguruma, ikaendelea hivyo mpaka asubuhi. Wewe ungelala? Ng'ombe wetu alikauka maziwa. Mama akakonda.

Majirani walijaribu nguvu. Mmoja alikata mkanda wa injini kwa panga; jioni mkanda ulikuwa mzima. Mwingine aliipiga nyundo huku akitukana, na siku hiyo mawe yakaanguka juu ya paa letu. Wafanyakazi wa zamani walisema ni mzimu wa mzee aliyeendesha pampu hiyo, aliyefia pale pale kazini.

Mama akafunga mizigo. "Kesho tunarudi mjini kwa mjomba wako, mtaa wa Free Area," akasema. "Shamba alichukue anayelitaka."

Na waliolitaka walikuwa wengi. Nikasema nitaenda kuongea na huyo mzee. Jirani yetu, Mama Wambui, akacheka.

"Wewe? Hata mimi unanisalimia ukiangalia viatu vyangu. Na sina viatu."

Nilienda jua likizama. Mzee alikuwa ameketi juu ya debe, amevaa koti lililojaa mafuta, sikio lake kwa injini. Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Wenzangu walikuwa wakifika pale kwa kelele. Mimi nikavua kofia.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Kazi iko," akajibu bila kugeuka. "Nyapara amekutuma?"

Hapo nikaelewa. Kwenye mashamba ya wazungu hakuna aliyeacha kazi mpaka nyapara agonge kile kipande cha reli kilichoning'inizwa uwanjani. Mzee huyu alikufa reli haijagongwa, na tangu hapo hakuna aliyemwachisha. Sisi tulikuwa tunamfukuza kama mwizi.

"Nyapara alienda, mzee. Mzungu pia. Shamba sasa ni letu. Nimekuja kukupokea."

Akageuka. "Na ng'ombe wake?"

"Waliuzwa."

"Kwa hivyo namvutia nani maji?"

"Hakuna mtu, mzee."

Akainuka kwenye debe. "Mngesema mapema. Mgongo unaniuma."

Usidhani aliizima kwa ghafla. Alitoa mkanda kwanza. Akaiacha injini izunguke bila mzigo ili ipoe, akafunga bomba la mafuta pole pole, halafu akaipangusa yote kwa kitambaa. Akanipa mkononi hendeli, kile chuma cha kuizungushia ili iwake. Ilikuwa ya moto.

"Sasa nigongee," akasema.

Reli ilikuwa imeibwa zamani. Nikatoka na hendeli ile, nikagonga nguzo ya chuma ya tangi la maji lililokuwa nje ya kibanda kwa nguvu zangu zote, na mimi, mtu wa kunong'ona, nikapaza sauti ikasikika mpaka ng'ambo ya mto: kazi imekwisha, mzee, asante, nenda ukapumzike.

Akatoa kofia yake mfukoni, akaivaa, akashika njia ya nyumba za wafanyakazi kama mtu anayekwenda kula. Alipofika pale majani yanapoanza kuwa marefu, sikumwona tena.

Tukasikia vyura. Hatukuwa tumejua kuna vyura. Kisha Mama Wambui akapiga vigelegele, na nyumba zote zikaitikia. Mama alifungua mizigo usiku huo huo, akaanza na sufuria.

Injini haijalia tena. Kiganja changu bado kina alama ya hendeli, na kijiji kizima huniita Nyapara.

Nawe ukihamia mahali palipokuwa pa wengine, kabla hujawasha moto wako, uliza ni nani bado yuko kazini. Usimtupie mawe. Msalimie, mwache aweke chini alichoshika, umshukuru. Ukimfukuza atarudi, maana hajamaliza.