Viti vya Kikao cha Ukoo

Juzi nilinunua kiti kikuukuu kwa mwalimu mstaafu huko Matiri. Siku za kazi niko Ngaka na malori ya makaa ya mawe. Jumamosi nakarabati fanicha za watu na kuziuza tena, napata faida kidogo na kupitisha muda. Nilipokipiga msasa, vanishi ya zamani ikatoa harufu yake, na nikajikuta nyumbani kwetu ziwani, mwaka ule mama alipofariki, akimfuata baba.

Unajua misiba yetu ilivyo, rafiki yangu. Viti vya kuazima hujaa uani, matanga yakiisha kila mtu anachukua chake. Kwetu ikabaki mikeka. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, shule nimeshaacha, na nyuma yangu wadogo watatu. Wazee wa ukoo wakasema watarudi baada ya mavuno kugawana watoto.

"Nyumba haina hata pa kumkalisha mgeni," alisema shangazi. "Hawa watalelewa hapa na nani?"

Neno lile la viti ndilo lililonishika. Nikaomba viti vibovu vilivyotupwa nyuma ya kanisa. Jirani yetu, fundi wa mitumbwi, akaniazima randa na kunionyesha namna ya kubana miguu kwa kamba ya wavu mpaka gundi ikauke. Wadogo zangu walisugua mbao kwa mchanga wa ziwa, bibi yetu, ambaye uzee ulishamlemea, akianika usipa kando yetu. Mbao zilinuka samaki hadi mwisho.

Siku ya kikao, baba mkubwa hakuketi upesi. Alikitikisa kiti, akajitupa juu yake kwa uzito wote.

"Umekiiba wapi hiki?"

"Nimekitengeneza, baba."

"Haya, leteni uji basi. Hakianguki!"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akaamua nibaki na wadogo wawili. Wa mwisho, ambaye bado aliamka usiku kumwita mama, shangazi akaondoka naye Chiwanda. Sikulia. Niliingiza viti ndani. Wiki hiyohiyo mwenye mgahawa akavinunua vyote, nami nikarudi nyuma ya kanisa kutafuta vingine.

Bibi hayupo tena, na misibani siku hizi watu hukodi viti vya plastiki. Yule mdogo wetu aliyepelekwa Chiwanda amekuwa mtu mzima. Akija kwangu ananiamkia shikamoo kwa adabu, kisha anabaki amesimama mlangoni mpaka nimwambie akae.