Pete ya Fuvu kwenye Fremu ya Clarence Kuhns

Arlene Kuhns alizaliwa tarehe 17 Agosti 1946, miezi tisa na siku nane baada ya baba yake, Clarence, kuvua sare za jeshi, na watu wa kaunti yao huko Pennsylvania walimtania Clarence kwa hesabu hiyo mpaka siku anazikwa. Clarence alicheka nao. Kuhusu vita yenyewe hakusema neno. Mkewe ndiye aliyewaambia watoto kwamba alikuwa mwokaji mikate wa jeshi, Ufaransa kwanza, kisha Ujerumani, na kwamba yatosha.

Arlene aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Hakuwahi kukanyaga maonyesho na mauzo ya vitu vya vita yanayofanyika kila Machi katika ukumbi wa zimamoto, mpaka Jumamosi hii, jirani alipompigia simu: "Arlene, picha ya mzee wako iko mezani kwa Skip Dunleavy."

Ilikuwepo kweli. Fremu ya mbao, kioo juu, na ndani yake Clarence wa miaka ishirini na mbili akitabasamu, masikio yamechomoza. Chini ya kidevu chake, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na pete ya fedha yenye fuvu la kichwa, kama zile walizovishwa maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi. Kadi iliyochapwa vizuri ilisema: *Ilikatwa kutoka kidole cha ofisa aliyekufa, Bavaria, Mei 1945, na Sajini C. Kuhns.*

Arlene aliisoma mara mbili. Ilikatwa. Kutoka kidole.

"Umeitoa wapi picha hii?"

"Mnadani, mama," alijibu Skip, mchuuzi mnene mwenye kizibao chenye mifuko mingi. "Nyumba ya marehemu fulani Kuhns. Boksi zima."

Marehemu fulani alikuwa kaka yake Arlene. Wifi yake aliuza vyombo vyote bila kufungua boksi hata moja.

"Na pete ilikuwa kwenye boksi hilo?"

Skip alitabasamu. "Vitu vya askari hukaa pamoja."

Hilo halikuwa jibu, na Arlene, aliyewahi kuuliza watoto sitini kwa mpigo nani katupa chungwa, alijua hivyo. Ila alijua pia jambo la pili: yeye mwenyewe hakuwepo Bavaria, huko Ujerumani. Hakuweza kuapa kwamba mikono iliyokuwa ikimsukia nywele kabla ya shule haikuwahi kushika kisu namna ile.

Meza tatu mbele, nyuma ya meza yake mwenyewe ya biashara, alikaa Milton Raab, sonara mstaafu, mwenzake kanisani, akinywa supu ya kuku na mahindi. Watu humtumia Milton pete za fuvu kutoka majimbo ya mbali awaambie kama ni za kweli.

"Milton, umeiona ile pete ya Skip?"

"Nimeiona."

"Ya kweli?"

Milton alifuta mdomo polepole. "Twende nje."

Kwani ukumbini mna mwiko mmoja: hakuna anayetia neno juu ya meza ya mwenzake. Ukiona kitu cha bandia, unameza mate, unapita. Ndivyo wachuuzi wale wanavyoishi kwa amani, na ndivyo vitu vya bandia vinavyoishi kwa amani pia.

Nje, katikati ya magari, Milton alisema yote. Pete halisi ilianza kama utepe bapa wa fedha, ukakunjwa duara na ncha zake zikaunganishwa. Fuvu lilitengenezwa peke yake na kulehemiwa juu ya kiungo. Jina la mwenye pete, upande wa ndani, lilichongwa kwa mkono, kwa hiyo herufi zina kingo kali. "Ile imemiminwa kwenye kalibu, kipande kimoja, fuvu na yote. Haina kiungo. Herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika. Baba yako alikuwa amezeeka ilipotengenezwa."

"Sasa kwa nini amwekee baba yangu?"

"Pete tupu haina ukoo, dada. Ukiipa mtu, picha na kisa, inakuwa na ukoo. Wanafanya hivyo."

"Wanafanya hivyo. Basi ingia ndani useme."

"Hatusemi juu ya meza ya mtu."

"Miaka mingapi unakaa na majirani hawa, Milton? Marehemu anaitwa mkata vidole mbele ya mji mzima, nawe unaogopa kukosa adabu?"

Hakusubiri jibu. Alirudi ndani, akasimama mbele ya Skip na wateja wawili waliokuwa wameinamia fremu, akasema kwa ile sauti ya kufikia kiti cha mwisho cha basi: "Pete hii imemiminwa kwenye kalibu. Haina kiungo."

Skip alicheka. "Mama, wewe si ulikuwa unaendesha basi? Leo umekuwa sonara?"

"Sonara ni Milton. Muulize."

Ukumbi ukageuka. Milton alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, uso umemwiva. Skip alianza kutabasamu tena.

"Ni bandia," alisema Milton. "Na Clarence Kuhns alikuwa mwokaji mikate."

Wateja wawili wakaondoka. Skip akalaza fremu kifudifudi. "Picha nimeinunua kihalali," akasema, na katika hilo hakukosea. Dakika chache baadaye mwandaaji wa maonyesho alikuja, akampita Skip, akaenda moja kwa moja kwa Milton na kumwambia afungashe vitu vyake. Skip hakuambiwa kitu.

Kabla ya ukumbi kufungwa, fremu ilisimama tena mezani na kadi mpya: *Pete ya aina iliyoletwa nyumbani na askari kama huyu.*

Maonyesho yanaendelea Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi. Arlene atasimama mbele ya meza hiyo mpaka ukumbi ufungwe, akimwambia kila mteja kwamba pete ni bandia, na Milton amesema atakuja naye, bila meza.