Samaki Mgonjwa wa Nyamityobora

Juzi nilikuwa Mbarara kwa shughuli zangu, nikaona nipite ile njia ya Nyamityobora tulikoishi na mama mdogo. Ndugu yangu, kama ningefumbwa macho nikafumbuliwa pale, nisingejua niko wapi. Maduka ya simu yamejaa, ukuta wa Hajati, mwenye nyumba wetu, umebomolewa. Mlangoni pa duka la dawa za mifugo palikuwa na gunia la chumvi ya Katwe, ile ya mabonge ya kijivu wanayolambishwa ng'ombe. Niliinama nikainusa, na palepale mashavu yakaniwaka kama ya mtoto aliyekemewa mbele ya wageni.

Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa darasa la nne. Mama mdogo alikuwa akifua na kupika kwa Hajati, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa, na Hajati alikubali nilale na mama mdogo chumba cha uani ili nisome shule ya mjini. Siku zile kila kitu changu kilinitia haya. Miguu yangu ilikuwa imepasuka kwa vumbi la kambi. Kiswahili changu kilikuwa cha Kivu ya Kusini, kule Kongo. Nikisema "mayi" badala ya maji, watoto wa jirani walirudia "mayiii" kwa sauti ya mbuzi, na nikisema "fasi" badala ya mahali walishika mbavu. Nikajifunza kunyamaza. Asubuhi uani palinukia mkaa na chai ya tangawizi, mama mdogo anasukuma chapati, nami nimesimama bombani nikishangaa kwamba hakuna foleni. Kwetu Nakivale bidoni za njano za maji zilipangwa mstari kabla hakujapambazuka, na aliyechelewa alikwenda kuchota ziwani.

Sebuleni kwa Hajati kulikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, mkia wake kama kitambaa cha hariri. Mumewe alimnunua Kampala wakati binti yao wa mwisho alipoolewa, ili mkewe asione upweke. Kazi ya kubadilisha maji ikawa yangu. Niliifanya kama nilivyofunzwa kusugua sufuria: namwaga maji yote, nasugua kioo mpaka kinalia, najaza ya bomba. Wageni nao walimtupia vipande vya chapati, wakicheka akivimeza. Umeme ukikatika, kile kimashine cha kupuliza hewa kilinyamaza, na hakuna aliyejali.

Samaki akaugua. Alikunja mapezi, vidoa vyeupe kama unga vikamtoka, akawa anaelea juu akitweta. Hajati alimpigia simu yule muuzaji wa Kampala. Akaambiwa kwamba maji ya bomba yana dawa inayomchoma samaki. Yalazwe kwanza kwenye ndoo iliyo wazi, na yasibadilishwe yote kwa mara moja. Asilishwe siku kadhaa, kwa kuwa mabaki ya chakula ndiyo yanayooza na kuyatia maji sumu. Na aogeshwe kidogo katika maji ya chumvi isiyochanganywa na kitu.

"Banange!" Hajati aliwaambia wageni wake. "Huyu mutoto wa kambi karibu aniulie samaki kwa usafi!"

Walicheka, naye alicheka, na ninajua hakukusudia ubaya. Lakini lile neno "kambi" lilinibaki mwilini kama harufu ya moshi.

Siku ya kumwogesha tulipiga magoti sebuleni, Hajati na mimi, beseni katikati yetu. Alikuwa akisaga chumvi ya Katwe na kuinyunyiza kidogokidogo, huku akimbembeleza samaki, "Pole, mutoto wangu, pole." Hapo mlangoni akatokea baba. Hakuwa amesema atakuja. Suruali yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, na mkononi ameshika sato wawili wa Ziwa Nakivale, amewafunga kwa ukindu. Maji ya samaki yakadondoka juu ya zulia.

Akachungulia beseni, akaona samaki na chumvi, akatabasamu kwa heshima.

"Mama Hajati, haka kasamaki katatosha nani? Mimi niliwaletea za nguvu."

Mama mdogo, aliyekuwa amemfuata kutoka uani, alitazama dari. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Hajati alimweleza kwamba yule haliwi, ni mgonjwa, anatibiwa. Baba akarudi hatua moja nyuma. "Pardon, Mama. Sikujua." Kisha akasema kilichomleta. "Mutoto wetu ule mudogo anaharisha. Mwili umekauka. Banasema aletwe huku hospitali, lakini gari ya bagonjwa ilienda fasi ingine. Nilikuja kumutwala huyu, nirudi naye, asaidie mama yake."

Mkono wa Hajati ulikuwa bado ndani ya beseni. "Kale, sawa," alisema taratibu, macho kwa samaki. "Sasa huyu nani atamwangalia?"

Nje mtu alikuwa akitwanga karanga. Baba aliinamisha kichwa, akafikiri kweli, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kungoja, "Basi nitaenda peke yangu, Mama. Huyu abakie kwanza, samaki ipone."

Hakuwa akimsuta. Laiti angemsuta! Nilimwona Hajati akiinua uso, na rangi yake ikabadilika. Alinyanyuka huku mkono unachuruzika maji, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amejitanda mtandio na ameshika ufunguo wa pikapu ya mumewe. Aliniambia nimrudishe samaki katika maji yaliyolala. Hakumtazama baba hata mara moja.

Jioni ile, kwa pikapu hiyo, mdogo wangu alifika hospitali ya Mbarara amepakatwa na mama, macho yamezama, midomo imekauka kama gome. Hajati alishinda wodini siku zote alizolazwa. Alifua nepi zake kwa mikono yake mwenyewe, akamkataza mama mdogo kumsaidia. Mtoto akapona.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta samaki amekunjua mapezi, anazunguka kwa raha. Labda alichohitaji ni sisi kumwacha. Hakuna aliyefurahi. Hajati alipita mbele ya tangi kama anayempita mdai wake, na baada ya muda alimpa dada yake wa Kakiika, tangi na kila kitu. Baba alisimulia safari ile mara nyingi, akimsifu Hajati kwa pikapu, na kila mara aliruka lile swali la samaki.

Sasa baba hayupo, mama mdogo yuko ng'ambo, na ule ua ni vibanda vya simu. Mara ya mwisho kumwona Hajati alikuwa amezeeka, amehamia kwa mwanawe. Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka kwa bodaboda yake. Kwa miaka yote ile Hajati hakuwahi kutusalimia kwanza. Alianza na swali moja, na siku hiyo pia.

"Mutoto hajambo?"

Mdogo wangu, mwanamume mwenye ndevu, akainama asigonge kichwa mlangoni. "Mimi huyu, Hajati. Sijambo."

Hajati akaitika, kisha akatazama chini, kama ambaye mkono wake bado uko ndani ya beseni.